Wepesi na Kizingiti: Juu ya Istilahi za Kurekebishia Ngoma za Elektroniki

Kazi ya istilahi haikomei katika vitabu vya shule na fomu za serikali. Kila chombo kinachoingia nchini huingia na karatasi yake ya maelekezo, na karatasi hiyo, iwe nzuri iwe mbaya, ndiyo mwalimu wa kwanza wa lugha ya chombo hicho. Mtu aliyekwisha kujifunza kwayo kukiita kitu jina fulani hatasubiri uamuzi wa Baraza. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kutoa maoni yetu juu ya karatasi moja ya namna hiyo, yenye kurasa nne, iliyoletwa mezani petu na mwalimu wa kwaya aliyetaka kujua kama Kiswahili kilichomo ni sanifu. Inahusu ngoma za elektroniki, na hasa namna ya kuvirekebisha vibao vyake ili viuitike vizuri mkono wa mpigaji.

Mfasiri hatumjui, wala duka lililoitoa karatasi halina haja ya kutajwa. Jambo la kumsifu mfasiri lipo: sarufi yake kwa jumla ni safi, upatanisho wa ngeli haukukosewa, na hakujificha nyuma ya maneno ya Kiingereza kila alipokwama. Ugomvi wetu naye ni mmoja tu, lakini si mdogo. Amefasiri maneno kabla ya kuielewa kazi ya chombo. Matokeo yake ni kwamba karatasi inasomeka, lakini ngoma hairekebishiki.

Hatuna budi tuanze na chombo chenyewe. Ngoma ya ngozi ina sauti yake. Ukiigonga, ngozi iliyowambwa na hewa iliyo ndani hutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Ngoma ya elektroniki haina sauti. Kibao chake ni mpira, au wavu uliowambwa, na chini yake kumebandikwa kisahani cha kauri. Kauri ya namna hiyo ikibanwa au ikitikiswa hutoa umeme kidogo, tabia ambayo ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waliionyesha katika fuwele mwaka 1880. Umeme huo hupita katika waya hadi kwenye mashine, nayo mashine huupima, kisha huchagua sauti iliyokwisha kuhifadhiwa na kuitoa kwa ukubwa unaostahili. Katika utaratibu wa MIDI, ambao watengenezaji wa vyombo vya muziki waliukubali mwaka 1983, nguvu ya pigo huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127.

Ni dhahiri, basi, kwamba baina ya mkono na sauti ameketi hakimu. Kila kibao kinapotikisika hakimu huyo ana maswali manne ya kuuliza. Je, hili ni pigo, au ni sakafu tu iliyotikisika? Kama ni pigo, lina nguvu kiasi gani? Je, ni pigo jipya, au ni mtetemo wa pigo lile lile ambao haujatulia bado? Na je, ni pigo la kibao hiki, au ni la kibao cha jirani kilichofungwa katika chuma kimoja nacho? Kila swali lina kirekebishi chake katika mashine. Mfasiri angaliyaona maswali haya manne kwanza, angalitambua kwamba anahitaji majina manne yasiyopandana. Yeye alianza na neno la kwanza alilolikuta katika ukurasa, akalitafutia mwenzake katika kamusi, akaendelea na la pili.

Swali la nguvu ya pigo ndilo lililomtesa zaidi. Katika ukurasa wa kwanza kirekebishi chake kinaitwa “hisia”. Katika ukurasa wa pili kinaitwa “unyeti”. Tukifika ukurasa wa nne tunakikuta kimekuwa “usikivu”. Msomaji asiyekijua chombo atadhani ni virekebishi vitatu, naye atavitafuta vyote katika kioo cha mashine asivione.

Tuyatazame maneno haya moja moja. “Hisia” ni jambo la moyo na la ngozi ya kiumbe. Mshairi ana hisia, mgonjwa aliyepooza hupoteza hisia za mguu. Kumwambia fundi “ongeza hisia ya kibao” ni kumfanya adhani kibao kinaweza kupenda. Isitoshe, hisia huishia ndani: mtu anaweza kuhisi mengi na asitamke neno. Ngoma inayohisi bila kulia haina faida kwa mtu.

“Unyeti” ni neno tunalolisikia siku hizi katika habari za mambo yanayotaka uangalifu, kama siri za nchi na majadiliano ya mipaka. Jambo nyeti ni jambo usiloligusa ovyo. Kibao cha ngoma kimeumbwa kiguswe, tena kwa fimbo. Tena kuna maneno mengine ya heshima ambayo kila mtu mzima anayajua, ya “sehemu nyeti” za mwili, na mwalimu wa kwaya alituambia waziwazi kwamba hawezi kusimama mbele ya vijana wa kike na wa kiume na kuwasomea sentensi inayosema unyeti wa pedi uongezwe kidogo kidogo. Maana hilo la “pedi” nalo limo. Mfasiri amekichukua kibao kwa jina lake la Kiingereza, akalitia irabu mwishoni, bila kujali kwamba neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine katika maduka ya dawa. Maneno mawili, kila moja lingeweza kuvumilika peke yake, yamewekwa bega kwa bega na kuleta kicheko ambacho hakuna somo linaloweza kukishinda.

“Usikivu” lina afadhali. Lina uhusiano na sauti, na lina heshima: mtoto msikivu ni mtoto anayeshika anachoambiwa. Lakini watu wa redio wamelitangulia. Usikivu kwao ni namna matangazo yanavyofika katika eneo fulani, nao husema usikivu ni hafifu katika wilaya kadha wa kadha. Katika kanisa au ukumbi ambamo fundi yule yule huhudumia vyombo vya matangazo na vyombo vya muziki, neno moja kwa kazi mbili ni chanzo cha makosa. Wasomaji wetu wanajua yaliyolipata neno “kipaza sauti”, ambalo leo kwa mmoja ni kile unachokisemea na kwa mwingine ni kile kinachokutolea sauti. Mtu akitumwa alilete hurudi na kimoja kati ya viwili, na bahati ndiyo inayoamua.

Kwa maoni yetu Kiswahili kina njia nyepesi kuliko zote hizi, nayo imo katika usemi wa kila siku. Tunasema mtu ni mwepesi wa hasira, mwepesi wa kusahau, mwepesi wa kulia. Hapo wepesi si uzito wa mizani. Ni kiasi cha sababu kinachotosha kumtoa mtu katika hali yake: mwepesi wa hasira hukasirishwa na jambo dogo, mzito hukasirishwa na kubwa. Hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Kibao kikiwa chepesi, pigo la wastani hufikisha sauti mwisho wa ukubwa wake, yaani ile 127. Kikiwa kizito, mpigaji hana budi atie nguvu ndipo afike hapo. Jina kamili liwe “wepesi wa kuitika”, na katika kioo cha mashine, ambako nafasi ni finyu, lifupishwe kuwa “wepesi”. Kuitika tumekuchagua kwa makusudi. Anayeitika hutoa sauti, na huitoa kwa kadiri alivyoitwa. Aidha wenye ngoma wanalo tayari neno hilo katika kiitikio cha nyimbo zao.

Sasa tunafika mahali ambapo kosa la karatasi hii si la kuchekesha tena. Kirekebishi cha swali la kwanza, lile linalouliza kama hili ni pigo au si pigo, mfasiri amekiita “kiwango cha chini cha hisia”. Tuliwapa karatasi hiyo vijana wawili wapigao ngoma katika bendi, wote wakiwa hodari wa mikono na wasio na Kiingereza cha kutosha, tukawaomba waifuate neno kwa neno. Walikuwa na shida moja ya kawaida: mapigo yao mepesi hayakuwa yakitoka. Walipoona “hisia” waliiongeza, na walifanya vizuri. Walipoona “kiwango cha chini cha hisia” waliona ni hisia hiyo hiyo ikiwa na kiwango chake cha chini, wakakiongeza nacho, wakitumaini kwamba hata hisia ya chini itapanda. Kibao kikafa. Mapigo mepesi ambayo kwanza yalikuwa yakitoka mara moja moja sasa hayakutoka kabisa.

Kwa nini? Kwa sababu namba za virekebishi hivi viwili huenda kinyume. Mashine nyingine huandika wepesi kuanzia 1 hadi 32 na kirekebishi hiki cha pili kuanzia 0 hadi 31, na mtumiaji huona safu mbili za namba zinazofanana. Ukipandisha wepesi unaisaidia ngoma kuitika. Ukikipandisha hiki cha pili unaizuia. Istilahi isiyoonyesha mwelekeo wa namba yake haijamwambia fundi lolote la maana, hata kama mtaalamu wa lugha ataiona ni nzuri.

Neno linaloonyesha mwelekeo huo tunalo mlangoni. Kizingiti kikiwa cha chini, hata vumbi na maji ya mvua huingia ndani. Kikiwa cha juu mno, mgeni naye hujikwaa. Hakuna Mswahili anayehitaji kufundishwa kwamba kizingiti kikiinuliwa wanaopita hupungua. Tukisema “inua kizingiti”, fundi atajua kwamba anafukuza mitikisiko midogo isiyotakiwa, kama ile ya mguu wa mtu apitaye jukwaani au ya spika kubwa iliyo karibu. Tukisema “teremsha kizingiti”, atajua anayaruhusu mapigo ya polepole yaingie. Neno “hisia” halina nafasi hapo wala halihitajiki.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo madogo, kwani kijana atabonyeza huku na huku mpaka apate. Hatukubaliani naye. Tulichokiona kwa vijana wale ni kwamba kibao kilipokataa kuitika hawakurudi kwenye namba. Walipiga kwa nguvu zaidi. Mpigaji yeyote angefanya hivyo, maana mkono huamini fimbo kuliko karatasi. Historia ya vyombo hivi inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Ngoma ya Simmons SDS-V, iliyotoka Uingereza mwaka 1981 na vibao vyake vya pembe sita, ilikuwa na uso wa plastiki ngumu, na wapigaji wengi walilalamika kuumia viwiko na vifundo vya mikono kwa kugonga kitu kisichorudisha fimbo. Baadaye watengenezaji walikuja kutumia mpira, na mwaka 1997 kampuni ya Roland ya Japani ikatoa ngoma zenye wavu uliowambwa ambao hupokea fimbo karibu kama ngozi. Uso umekuwa laini tangu wakati huo. Lakini kijana anayepiga kwa nguvu kibao kilichorekebishwa vibaya anaupa mkono wake taabu ambayo mafundi wa Japani walikwisha kuiondoa, na aliyemrudishia taabu hiyo ni mfasiri.

Swali la tatu, la pigo jipya na mtetemo wa zamani, lina maneno mawili yaliyoshikana. Kosa lenyewe ni hili: fimbo imegonga mara moja, ngoma imelia mara mbili. Karatasi inaliita kosa hilo “kufyatua upya”, na mahali pamoja, kwa bahati mbaya, “kufyatua risasi upya”. Risasi tuziache. Kufyatua lenyewe si baya, kwani mtego hufyatuka mara moja na haufyatuki tena mpaka utegwe, na mashine nayo ingetakiwa iwe hivyo. Tatizo ni kwamba kufyatuka ni habari ya mtego, hali mpigaji anashughulika na kilio cha ngoma. Twapendekeza “mlio pacha” kwa kosa lenyewe: milio miwili, mimba moja. Kirekebishi kinachouzuia, ambacho huifanya mashine isipokee kitu kwa kitambo kidogo baada ya kila pigo, kiitwe “muda wa kunyamaza”.

Hapa mfasiri ameandika “muda wa barakoa”. Tumejaribu kumwelewa. Neno la Kiingereza analolifasiri lina maana ya kufunika uso, naye ameufunika. Lakini muda haufunikwi uso, na msomaji wa sentensi hiyo hataweza kukisia kwamba muda ukiwa mrefu mno mapigo ya haraka yatamezwa. Hesabu yake ni rahisi. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua nusu sekunde, na robo yake ni milisekunde 125. Muda wa kunyamaza wa milisekunde 10 haumdhuru mpigaji wa namna hiyo. Lakini zipo pigo za pambo ambamo fimbo mbili huangukia kibao kimoja zikiachana kwa kitambo kidogo sana, na hapo kila milisekunde ina thamani yake. “Ngoma imenyamaza mno” ni lugha ambayo mpigaji ataielewa na ataweza kumlalamikia fundi kwayo.

Swali la nne limepewa jina la “mazungumzo mtambuka”. Tumekwisha kuyazoea masuala mtambuka katika mipango ya maendeleo, lakini vibao havina mkutano. Kinachotokea ni kwamba kibao kimoja kimegongwa, mtikisiko ukapita katika chuma kinachovishika vyote, na kibao cha pili kikalia bila kuguswa. Mafundi wa simu walikuwa na shida kama hiyo ya sauti ya laini moja kusikika katika nyingine, na neno “mwingiliano” huieleza bila kelele. Tunalikubali “mwingiliano”, na kirekebishi chake kiitwe “kizuia mwingiliano”. Hapa hatuna la kuongeza.

Juu ya kibao tunajua tutaulizwa. Neno hili lina kazi nyingi: kuna kibao cha mlangoni, kuna kibao cha shavuni, na bendi ikitoa wimbo mpya husemekana imetoa kibao. Tulifikiria pia kuunda jina kutokana na kitenzi kuwamba, ambacho ndicho kitenzi cha asili cha kazi ya ngoma, lakini uso wa mpira haukuwambwa, umemiminwa tu. Kati ya neno lenye kazi nyingi za heshima na “pedi”, tumechagua la kwanza.

Wapo wanaosema ingekuwa rahisi kuyachukua maneno ya Kiingereza yote na kuyavika sauti za Kiswahili, tuseme “sensitiviti” na wenzake. Sisi hatuna chuki na mkopo. Gitaa ni gitaa, spika ni spika, na hatuoni sababu ya kumbadilishia mtu jina la chombo anachokimiliki. Jina la chombo laweza kukopwa kwa sababu mtu hukiona na kukishika. Jina la kirekebishi halina kitu cha kushikwa; ni namba katika kioo, na kila msaada unaotoka katika neno lenyewe una thamani. “Sensitiviti” haimwambii asiyejua Kiingereza kama apande au ashuke. “Wepesi” na “kizingiti” humwambia kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Jambo lililotusikitisha zaidi katika kurasa hizi nne ni kwamba hamna hata neno moja la watu wa ngoma wenyewe. Ngoma ya ngozi ikilegea kwa unyevu, mpigaji huipasha moto mpaka ikaze, huku akiigonga kidogo kidogo na kuisikiliza, kisha huirudisha tena motoni. Hayo nayo ni marekebisho, na yana msamiati wake: kuwamba, kukaza, kulegea, kulia, kuvuma, kurindima. Mfasiri angalikaa nusu siku na mzee mmoja wa ngoma, asingaliandika habari za hisia.

Ili tusionekane tunabomoa tu, tunaleta hapa sehemu ya ukurasa wa pili kama tunavyopendekeza iandikwe: “Anza kwa kuteremsha kizingiti mpaka kibao kianze kulia chenyewe, kisha kiinue hatua moja moja mpaka kinyamaze. Piga kwa nguvu zako za kawaida za juu, na urekebishe wepesi hadi namba ikaribie 127 bila kukaa hapo kila mara. Piga polepole uhakikishe pigo dogo kabisa linaitikwa. Ukisikia mlio pacha, ongeza muda wa kunyamaza kidogo. Mwisho piga kibao kimoja kwa nguvu, na kama cha jirani kinalia, ongeza kizuia mwingiliano.” Tuliwasomea vijana wale wawili maneno haya, nao waliirekebisha ngoma bila kutuuliza swali.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliamua. Mashine huruhusu sauti ikue kwa namna mbalimbali nguvu ya pigo inapoongezeka: ama ikue sawasawa, ama ipande upesi mwanzoni kisha itulie, ama ichelewe na kupanda mwishoni. Namna hizo huonyeshwa kwa mchoro wa mstari, na karatasi inauita mstari huo “kona”, neno ambalo tunawaachia madereva na wachezaji wa mpira. Baadhi yetu wanapenda “mpindo”, lakini namna ya kwanza kati ya hizo tatu haikupinda hata kidogo. Wengine wanapenda “mwinuko”, kwa kuwa mstari wote hupanda kama kilima, mahali kwa ukali na mahali kwa upole. Tungependa kusikia kutoka kwa wapigaji na mafundi wa vyombo ni lipi kati ya hayo mawili, au la tatu wanalolitumia wao, kabla orodha haijapelekwa katika kamati.